Kwenda Tropea Kujifunza Kiitaliano

Ukitaka kuitumia likizo yako kujifunza Kiitaliano, usiende Roma. Wala Firenze, ingawa shule zake ni nyingi na zina sifa. Nenda mji mdogo wa pwani ambako muuza mboga wa Jumatatu ndiye huyo huyo wa Alhamisi, na mwenye mkahawa akikuona siku ya tatu anakuuliza umeamkaje. Kwenye jiji kubwa ukibabaika kidogo tu, mhudumu anakugeukia kwa Kiingereza ili foleni isogee. Mji mdogo una subira ya kukungoja umalize sentensi yako, na kesho yake unapokutana na mtu yule yule unaweza kuisema vizuri zaidi.

Mji ninaoupendekeza ni Tropea, katika jimbo la Calabria, kusini kabisa mwa Italia bara. Wakazi wake ni kama 6,000. Mji wa kale umejengwa juu ya jabali linalosimama wima kando ya bahari ya Tirreno, na kutoka juu unateremka kwa ngazi hadi kwenye mchanga mweupe. Una stesheni ya treni, una shule ya Kiitaliano kwa wageni, na nje ya miezi ya joto kali bei zake hazijafikia zile za Capri au Positano. Mwaka 2021 ulichaguliwa kuwa mji mdogo mzuri kuliko yote Italia katika shindano la televisheni ya taifa, kwa hiyo usitegemee kwamba utakuwa mgeni peke yako. Ila wageni wengi hukaa siku chache na kuondoka. Anayekaa wiki mbili au tatu na kwenda na daftari darasani kila asubuhi, wenyeji humtambua haraka.

Nawaandikia zaidi watu wenye haja nayo lugha hii: anayefanya kazi hotelini Kiwengwa au Nungwi, mwenye duka Watamu, muongoza watalii wa Malindi ambako Waitaliano wamekuwa majirani tangu miaka ya 1960, Italia ilipoweka kituo chake cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni. Nawaandikia pia Waswahili wanaoishi Ulaya, ambao kwao Calabria si mbali. Watu wa Malindi nina neno nao la pekee, nitalifikia.

Karatasi kwanza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Kozi ya chini ya siku 90 huingia kwenye viza ya muda mfupi; ukipita hapo ni viza ya kitaifa ya masomo, ambayo ina mlolongo wake na hukulazimu kuomba kibali cha ukaazi baada ya kufika. Kwa likizo, baki kwenye ile ya muda mfupi. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi na iwe halali katika nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili wazi, na muda wake usiishe kabla ya miezi 3 tangu siku utakayotoka Ulaya.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo 15 usiziamini. Kanuni inaruhusu uamuzi kuchukua hadi siku 45, na miezi ya katikati ya mwaka hata kupata miadi ni kazi. Anza miezi minne kabla.

Shule itakupa barua ya kuandikishwa yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kozi, idadi ya saa kwa wiki na uthibitisho wa malipo. Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu shule hutaka kulipwa kabla ya kutoa barua, na ubalozi unaweza kukunyima viza baada ya hapo. Kabla hujatuma hata senti, iandikie shule uulize: viza ikikataliwa, mnarudisha kiasi gani, ndani ya muda gani? Jibu liwe la maandishi. Shule inayoheshimu wanafunzi wake hujibu bila kuzungukazunguka, na isiyojibu achana nayo.

Taarifa ya benki iwe ya kweli na ya miezi kadhaa. Fedha nyingi zilizoingia juzi zinaleta maswali. Kama umeajiriwa, barua ya mwajiri inayosema una likizo na kazi inakungoja ni nguzo kubwa ya ombi lako. Taja ndani ya barua yako ya maombi kwa nini Kiitaliano. Mtu wa hoteli ya Zanzibar anayepokea wageni wa Kiitaliano kila wiki ana sababu inayoeleweka kwa mstari mmoja. Wenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen, mathalani Ujerumani au Uholanzi, hawahitaji viza kwa ziara ya siku zisizozidi 90. Walioko Uingereza kwa pasipoti za kwetu wanaihitaji.

Uende lini

Mei, Juni mwanzoni, au Septemba. Agosti iache. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ambayo karibu Italia nzima iko baharini, na kwenye wiki zinazoizunguka Tropea hufurika, vyumba hupanda bei, na muuza duka hana hata dakika moja ya kukusahihisha. Majira ya baridi nayo yana dosari yake: mikahawa mingi hufungwa na mji unabaki kimya, nawe umekuja kutafuta watu wa kuzungumza nao.

Mimi nachagua Septemba. Bahari bado ina joto la kiangazi, na tarehe 9 mji unasherehekea Mama Maria wa Romania, mlezi wake, ambaye picha yake imetunzwa katika kanisa kuu lililojengwa enzi za Wanormani. Ukienda Mei mwanzoni utakuta jambo la ajabu zaidi. Usiku wa tarehe 3 Mei watu hucheza na ngamia wa fremu aliyefungwa fataki mwili mzima, akirusha moto huku ngoma zikipigwa. Ni kumbukumbu ya kufukuzwa kwa Waarabu waliokuwa wakiishambulia pwani ile. Uliza wazee wakusimulie. Kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia, na hapo utasikia Kiitaliano ambacho hakimo kitabuni.

Muda: wiki mbili ni kiasi cha chini, tatu ni bora. Wiki ya kwanza masikio yako yanahangaika tu. Wiki ya pili ndipo ulimi unaanza kutii, na ni hasara kufunga mizigo wakati huo.

Shule, chumba na safari

Kozi za kawaida ni saa nne za darasa asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, baada ya jaribio la kupimwa kiwango. Viwango ni vile vya Ulaya nzima, A1 kwa asiyejua kitu hadi C2 kwa anayekaribia mzawa. Uliza darasa huwa na wanafunzi wangapi kwa juu. Wakizidi kumi, zamu yako ya kusema inakuwa finyu. Uliza pia kama kozi ya kiwango chako itafanyika kweli hata wakijiandikisha wawili, kwa sababu shule ndogo nje ya msimu huweza kuunganisha viwango viwili, na wewe wa A1 ukajikuta unawasikiliza wa B1 wakibishana.

Malazi nayapa uzito kuliko shule. Kaa na familia. Nyumba ya kupanga peke yako ina uhuru, lakini ukifunga mlango saa mbili usiku Kiitaliano kimeishia hapo. Ukikaa na familia unasikia televisheni ikibishaniwa, mtoto akigombezwa, simu ya shangazi. Iombe shule ikupangie nyumba yenye mtu anayeshinda nyumbani, hasa mama wa makamo au mstaafu, na isiyo na wageni wengine wanaozungumza Kiingereza. Kama hakuna familia, chukua chumba ndani ya mji wa kale, si kwenye hoteli za nje ambako ukitoka unakutana na watalii wenzako.

Kufika: ndege za kwetu nyingi zitakushusha Roma au Milano. Toka hapo kwa ndege nyingine hadi Lamezia Terme, au panda treni ya kasi Roma hadi stesheni ya Lamezia Terme Centrale, mwendo wa zaidi ya saa nne, kisha ubadilishe uchukue treni ya mkoa inayopita kandokando ya bahari hadi Tropea. Tiketi ya karatasi ya treni hizo za mkoa lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Tiketi unayo mkononi, lakini bila mhuri ule mkaguzi anakutoza faini. Kutoka stesheni ya Tropea hadi mji wa kale unaweza kwenda kwa miguu.

Masikio yetu ni mtaji

Msemaji wa Kiswahili anaanza Kiitaliano akiwa mbele ya wengi, na ningependa uende ukilijua hilo ili usiingie darasani na unyonge. Irabu zetu tano zinatamkwa wazi, zao vilevile, ingawa e na o wanazitamka kwa namna mbili. Maneno yao karibu yote huishia kwa irabu. Mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili toka mwisho. Na lile linalowatesa Waingereza, yaani kivumishi kufuata nomino yake, kwetu ni jambo la kuzaliwa nalo: anayesema kitabu kipya, vitabu vipya bila kufikiri hapati shida na *libro nuovo, libri nuovi*. Kitenzi nacho hubeba mtendaji ndani yake. *Parlo* peke yake ni nasema.

Mitego ipo, na ni afadhali uifanyie mazoezi nyumbani kabla hujapanda ndege. Wao wakiandika *chi* wanasoma ki, na wakiandika *ci* wanasoma chi, kinyume na tulivyozoea. *Gn* ni ny yetu. Konsonanti zikiandikwa mbili zitamke mbili, kaa juu yake kidogo: *casa* ni nyumba, *cassa* ni kaunta ya kulipia, *pena* ni adhabu, *penna* ni kalamu, na *anno*, mwaka, ukiitamka kwa n moja imekuwa neno la aibu, tena mbele ya mtu uliyetaka kumuuliza umri wake. Kwa wale ambao lugha ya mama haitenganishi r na l, zoezi la kila siku ni *mare* na *male*. La kwanza ni bahari, la pili ni vibaya.

Mwezi mmoja kabla ya safari, jua tarakimu hadi elfu bila kusita, siku za wiki, saa, na vitenzi vya kawaida katika wakati uliopo. Kumbuka saa yao inahesabiwa kuanzia usiku wa manane, tena mara nyingi hadi 24. Ukiambiwa njoo *alle quindici*, ni saa tisa alasiri. Sikiliza redio ya RAI kwenye simu, hata kama huelewi, ili mwendo wa lugha ukuingie. Nairobi ina Taasisi ya Utamaduni ya Italia inayofundisha lugha. Mwenye nafasi aanzie hapo.

Sasa neno langu na watu wa Malindi, na wote waliookota Kiitaliano ufukweni. Mnakijua, tena kwa kasi ambayo itamshangaza mwalimu. Lakini mmejifunza kwa watu walio likizoni, na watu walio likizoni huzungumza kirafiki: *ciao*, *tu*, *dai*. Tropea ni mji wa watu wazima walio kazini kwao. Mama wa miaka sitini dukani, polisi, daktari, karani wa stesheni, hawa huambiwa *Lei*, wewe ya heshima, na kitenzi kinabadilika kuifuata. *Come sta?* si *come stai?*, *mi scusi*, si *scusa*. Mswahili aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Anahitaji kuzoeza ulimi tu. Anza na *Lei* kwa kila mtu mzima usiyemjua, na mwenyewe atakuambia lini uiache: *diamoci del tu*. Mpaka ayaseme hayo, shikilia heshima.

Darasa la mchana ni mtaani

Saa nne za asubuhi zinakupa kanuni. Kinachozigeuza kuwa lugha ni kuanzia saa saba mchana, na hapo hakuna anayekusimamia. Wengi hukimbilia ufukweni na kulala. Pumzika, maana hata maduka yenyewe hufungwa kuanzia kama saa saba mchana hadi saa kumi au kumi na moja. Lakini maduka yakifunguliwa, toka.

Chagua sehemu tatu au nne na uwe mteja wa kila siku: mkahawa mmoja, duka moja la mboga, duka moja la mikate, benchi moja. Usibadilishe. Ajabu ya mji mdogo inafanya kazi kwa kurudiarudia.

Mkahawa wao unaitwa *bar*, na jina lisikutishe. Humo wanaingia bibi na wajukuu zao kunywa kahawa na kula keki asubuhi. Ukisimama kaunta, kahawa ni euro moja na senti kidogo. Ukikaa mezani, inaweza kupanda. Kwenye baadhi yake unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, unaipeleka kaunta. Tazama wenzako wanavyofanya. Ingia na *buongiorno* ya sauti inayosikika, kwa wote waliomo. Anayeingia kimya anaonekana hana malezi. Kuanzia alasiri ni *buonasera*, na ukitoka *arrivederci* au *buona giornata*. Siku ya kwanza utasema *un caffè, per favore*. Ya tatu, ongeza jambo moja: joto la leo, mechi ya jana, mawimbi. Jambo moja tu kwa siku, ulilolitayarisha njiani.

Dukani kwa muuza mboga ndipo shule hasa. Usishike matunda, kwenye maduka madogo muuzaji ndiye anayekuchagulia, na kwenye supamaketi kuna glavu za plastiki za kuvaa kabla ya kugusa. Subiri zamu yako. Kama foleni haieleweki, uliza *chi è l'ultimo?*, nani wa mwisho, kisha ujiweke nyuma yake. Muuzaji akikutazama na kusema *mi dica*, sema *vorrei mezzo chilo di pomodori*. Atauliza *altro?*, kingine? Hapo mwanafunzi hodari hasemi hapana. Anauliza vitunguu.

Maana vitunguu vyekundu ndivyo fahari ya Tropea. Vina jina lililolindwa kisheria Ulaya, IGP, na vimening'inizwa milangoni vikiwa vimesukwa mikungu mirefu ya zambarau. Ni vitamu kiasi cha kuliwa vibichi; wanavitengenezea jamu, na kuna wanaovitengenezea hata aiskrimu. Muulize muuzaji vipi vya kula vibichi na vipi vya kupika, vinahifadhiwaje, mama yake alikuwa anavipikaje. Hata ukielewa nusu, umepata dakika tano za Kiitaliano cha mtu anayezungumzia anachokipenda, na mtu wa namna hiyo hachoki kurudia. Akienda kasi: *più piano, per favore*. Usipoelewa neno: *che cosa vuol dire?* Andika ulichokisikia kama ulivyokisikia, sentensi nzima, si neno moja moja, na asubuhi umpe mwalimu akunyooshee.

Baadhi ya utakayoyasikia si Kiitaliano. Wazee wa Calabria wakiwa wao kwa wao huzungumza lahaja yao, na usipoelewa kitu si kosa lako. Wakigeukia kwako watasema Kiitaliano, chenye ladha ya kusini. Utasikia wakitumia *andai*, *mangiai*, *vidi* kwa jambo la hivi karibuni, pale kitabu chako kinaposema *sono andato*, *ho mangiato*, *ho visto*. Watu wa kusini huupenda wakati huo uliopita wa mbali. Wewe jifunze kuusikia, lakini sema kama kitabu.

Jioni mji mzima unatembea. Barabara ya Corso Vittorio Emanuele inaishia kwenye ukingo wa jabali, na watu huenda hadi pale, wanatazama bahari, wanarudi, wanakutana, wanasimama. Ukielekeza macho kushoto kuna kanisa la Santa Maria dell'Isola juu ya mwamba ambao zamani ulikuwa kisiwa. Anga ikiwa safi, mbali unaonekana Stromboli, mlima wa volkano ulio hai katikati ya maji. Tembea nao. Kaa kwenye uwanja wa Piazza Ercole, penye sanamu ya Pasquale Galluppi, mwanafalsafa aliyezaliwa hapo mwaka 1770. Muulize aliyekaa jirani yako huyo ni nani. Unamjua tayari, lakini muulize.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, usivuke kizingiti kimya. Sema *permesso*. Ni hodi yao, na jibu ni *avanti*. Beba kitu kidogo mkononi, keki au maua.

Siku ya mapumziko panda treni hadi Pizzo, vituo vichache tu kutoka Tropea, ule *tartufo*, aiskrimu ya mviringo yenye chokoleti ya majimaji katikati. Kisha ingia kwenye ngome ambamo Joachim Murat, aliyekuwa mfalme wa Napoli, alipigwa risasi Oktoba 1815. Jipe kazi: Jumatatu usimulie darasani kisa hicho chote bila karatasi. Hakuna zoezi bora la wakati uliopita.

Na wakikugeukia kwa Kiingereza? Watageuka, kwa nia njema. Sema *sto imparando l'italiano, possiamo parlare in italiano?* Sijaona mtu wa kule akikataa.

Mezani

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, Calabria inataka umakini. Kitoweo chake mashuhuri ni *'nduja* ya kijiji jirani cha Spilinga. Ukiiona ni laini, nyekundu, inapakwa kwenye mkate, utadhani ni pilipili ya kusaga. Ni nyama na mafuta ya nguruwe. Huingia kwenye tambi, juu ya piza, hata kwenye mchuzi wa maharage. Jifunze sentensi hizi hadi uziseme usingizini: *non mangio maiale*, *c'è carne di maiale?*, *c'è lo strutto?*, yaani mafuta ya nguruwe, ambayo hutiwa kwenye baadhi ya mikate na maandazi. *C'è vino nel sugo?* Tiramisu mara nyingi hutiwa pombe, uliza. Familia itakayokupokea iambiwe mapema kupitia shule, usingoje chakula kiwe mezani.

Baada ya hapo kula kwa raha, kwa sababu ni mji wa samaki. Nduaro wanamwita *pesce spada*, na kuna dagaa wabichi wa chumvi na ndimu, jodari, tambi za *fileja* zilizoviringwa kwa mkono zenye mchuzi wa vitunguu vile vile, jibini ya kondoo ya Monte Poro. Chakula cha usiku huanza saa mbili. Bili itakuwa na *coperto*, euro mbili au tatu kwa kichwa kwa ajili ya mkate na meza, si wizi.

Macho ya watu

Reli hiyo inayokuleta Tropea inaendelea kusini hadi Rosarno, ambako vijana wengi wa Kiafrika, hasa wa Afrika Magharibi, huchuma machungwa kwa ujira mdogo na malazi duni. Januari 2010 vurugu kubwa zilizuka pale baada ya baadhi yao kupigwa risasi za bunduki ya upepo. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya watu, wakimwona Mwafrika, humfikiria mara moja kama kibarua au mchuuzi wa ufukweni, na humwita *tu* bila kuuliza. Likikupata, jibu kwa *Lei* kamili na sentensi iliyonyooka. Mara nyingi hilo linatosha kubadilisha mazungumzo. Na vijana wale ukikutana nao wasalimie. Wengi wanakijua Kiitaliano cha maisha kuliko mwalimu yeyote.

Tembea na pasipoti au angalau nakala yake, maana polisi wana haki ya kuomba kitambulisho cha mgeni. Namba ya dharura ni 112. Ufukweni, sehemu zenye miavuli iliyopangwa kwa safu ni za kulipia. *Spiaggia libera* ni ya wote. Ukitoka majini, vaa nguo kamili kabla ya kupanda ngazi kurudi mjini, na ukiingia kanisani funika mabega.

Cheti

Mwisho wa kozi shule itakupa *attestato di frequenza*, karatasi inayosema ulihudhuria na ulifika kiwango fulani. Inafaa kuonyesha kazini. Ila si mtihani. Ukihitaji kuthibitisha kiwango chako kwa chuo au kwa mwajiri wa Italia, vyeti vinavyotambuliwa ni CILS cha Chuo Kikuu cha Wageni cha Siena, CELI cha Perugia, na PLIDA cha Società Dante Alighieri. Mitihani hiyo hufanywa kwa tarehe maalumu na vituo maalumu, kwa hiyo usitegemee kuifanya Ijumaa yako ya mwisho. Kama kazi yako ni kupokea wageni Kiwengwa au Watamu, hiyo ada usiitoe. Omba namba ya simu ya mwenyeji wako badala yake, na mpatane kila Jumapili umtumie ujumbe wa sauti wa dakika tatu wa mambo ya wiki, naye akurudishie masahihisho.